Mara ya Tatu

Novemba niliitwa kwa Bi Bogumiła,
mji wa Łódź, chumba cha chini, nyuma ya mapipa ya taka.
Kitasa kimeng'olewa. Nikatia kingine, sawa na kile,
nikalipwa, nikaenda zangu.

Desemba nikaitwa tena.
Kovu lilelile kwenye mbao,
kana kwamba mtu amerudia alichosahau.

Ngazini wakanong'ona: ana nuksi yule mama.
Tymon wa juu akaongeza: mbona sisi hatuibiwi?
Naye akaanza kuamini. Akanipa chai kwenye glasi:
"Fundi, nina nini mimi?"

Huna kitu, mama. Mlango ndio unao.
Mwizi si mpiga ramli, ni mvivu kama mimi,
hupenda njia aijuayo.
Anajua kichaka kinachoficha dirisha lako,
anajua Alhamisi uko kliniki,
anajua bima imelipa: lile boksi la televisheni mpya
uliloliegemeza kwenye mapipa
lilimwandikia barua.
Mchovya asali hachovyi mara moja.
Twasema hivyo tukicheka,
tukisahau kwamba mzinga una mwenyewe.

Na mimi?
Mimi nilimrudishia mlango aliouzoea.
Mara mbili. Kwa risiti.

Januari sikuleta kitasa peke yake.
Nilileta bamba la chuma, skrubu ndefu kama kidole,
taa, na msumeno.
Kichaka tulikikata chai ikipoa;
alikililia kidogo, alikipanda marehemu.
Tymon alinishikia ngazi, kimya, masikio mekundu,
sijui kwa baridi au kwa kitu kingine.
Siku hizi, Alhamisi, kahawa yake huinywa dirishani,
macho uani.

Sisemi mwizi ametubu. Pengine kahamia mtaa wa pili,
pengine ananisoma mimi sasa.
Ila daftari langu nimeligeuza:
aliyevunjiwa jana namwendea leo,
kabla ya wote waliopoteza funguo,
kwa kuwa mlango uliokwisha funguka
una mtu anayeuota.

Jana nilipita kukaza skrubu.
Nyuma ya mlango, nyuma ya chuma changu chote,
bado ameegemeza kiti.
Sikukigusa.
Nilinywa chai, nikasubiri akivute mwenyewe
ili nitoke.