Safu ya Nne

Saa mbili asubuhi, Lakilaki. Ukungu wa Meru
haujaamua bado kupanda au kushuka.
Mimi na mzee Ndekirwa tunafungua sanduku la mia tatu na sita.

Kufuli moja, lina kutu. Naandika: kufuli.
Daftari la duka: sukari robo, mafuta ya taa, deni la Mukandori,
kisha kurasa tupu. Naandika: daftari.
Safu ya nne inauliza: aina ya kosa.

Kufuli lilifungwa kwa nje.
Kosa ni la mkono, basi, au la fundi wa mlango,
au la yule aliyepita barabarani
akajisemea, "Ufunguo si wangu"?

Kwenye mkanda shahidi anasema: "Walikuwa wanakwenda kazini."
Mkalimani ananyamaza. Sekunde kumi na moja, nimezihesabu.
Wakili anadai neno lingine.
Kazi, anarudia shahidi. Wenyewe waliita kazi.

Nami nimekulia Tengeru, ambako kazi
ni jembe, ni kuchuma kahawa hadi vidole vinate.

Ndekirwa anasema andika "mengineyo", twende chai.
Mengineyo yetu yamekwisha jaza makabati mawili.

Naiacha safu wazi. Mkaguzi atakuja Ijumaa
na kalamu yake nyekundu.

Jioni namkuta jirani anafunga banda la kuku.
"Pole na kazi," ananiambia.
Natazama kwanza komeo, liko upande gani,
ndipo naitika:
nimeshapoa.