Boksi la Buluu

Saa kumi na moja alfajiri, juu ya Túquerres,
napakia madebe kumi na manane ya maziwa,
na mwisho, kitini ubavuni pangu, boksi la buluu.
Nesi Yolima hulifunga mkanda kama abiria.
"Liwe baridi, lakini lisigande.
Kabla ya saa sita liwe maabara, Pasto."
Kila Alhamisi ni hayo hayo,
na kila Alhamisi namjibu: maziwa nayo yana haraka.

Mna nini ndani, kijiji kizima kinajua
na kijiji kizima kimenyamaza.
Vikopo vya vifuniko vyekundu,
ndani ya kila kimoja haja kubwa ya mtu,
kiasi cha njegere, si zaidi.
Mzee Arquímedes Tulcán alileta chake
ndani ya soksi, soksi ndani ya kofia,
kofia chini ya mayai.
Bibi Rosaura alijaza chupa ya jemu hadi shingoni,
asije mtu akasema kwake kuna uchoyo.

Ni kidudu, anasema Yolima, kimejisokota kama skrubu,
kinatoboa ukuta wa tumbo
kama funza anavyotoboa kiazi.
Sisi tulikiita pilipili. Tulikiita kahawa, tulikiita hasira.
Babu yangu alikiita ukoo,
akafa nacho, amekonda kama mpini.

Alhamisi ile kilima kilishuka kabla ya Pedregal.
Tope limelala barabarani kama ng'ombe aliyegoma.
Nilizima injini. Malori nyuma yangu, mvua, honi.
Nikafungua boksi nitazame barafu
(si kazi yangu, najua)
na katikati ya majina ninayoyapungia mkono kila siku
nikasoma, kwa wino usiofutika:
Ismenia Cuaspud. Miaka arobaini na mmoja.
Saa kumi na dakika kumi.

Saa kumi na dakika kumi
nilikuwa napapasa buti gizani.
Nilimsikia mke wangu akitoka,
nikadhani anakwenda kwa kuku.

Tangu lini anapakua nusu sahani
akisema ameshiba kwa kuonja?
Nilitaka kukasirika. Nikaanza, hata.
Kisha nikakumbuka kikopo changu,
kabatini, nyuma ya chumvi,
kikavu tangu Pasaka.

Nikayaacha maziwa.
Nikalibeba boksi kifuani kama mtoto wa homa,
tope magotini, kiunoni,
mtu akipiga kelele kwamba mlima haujamaliza.
Ng'ambo, kijana wa pikipiki aliniuliza:
"Samaki?"
Nikasema: "Watu."
Hakuuliza tena.

Saa tano na dakika arobaini, dirisha la maabara.
Binti mwenye glavu akachomeka kipimajoto.
"Nyuzi sita," akasema, akaandika.
Akahesabu vikopo: kumi na kimoja.
Akasoma majina moja moja kwa sauti,
na alipofika kwa Ismenia akalikosea,
nami nikamrekebisha
kwa ukali ambao hakuustahili.

Jioni niliyamwaga maziwa mtaroni.
Mapovu yalikwenda mbali, meupe, bila haraka.

"Maziwa?" Ismenia aliniuliza jikoni.
"Yameharibika."
"Yote?"
"Yote."
Akapuliza moto. Moshi ukampa sababu ya kufuta macho.
"Na boksi?"
"Limefika."
Akanipakulia sahani iliyojaa, yake nusu.
Nikabadilisha sahani. Akazirudisha zilivyokuwa.
Tukala hivyo, viazi na mvua juu ya bati.

Alhamisi iliyofuata, saa kumi na dakika kumi,
nilisogeza chumvi, nikachukua tochi,
nikafungua mlango taratibu nisimwamshe.
"Usikijaze," akasema gizani.