Ila

Saa nne usiku, Wolverhampton, kiwanda cha dobi.
Chini, mashuka ya hospitali tatu yanazunguka majini.
Juu, ofisini, mimi na kompyuta ya kampuni
na agizo la Bwana Pritchard kwenye kikaratasi cha njano:
kila mtu akatwe nusu saa ya chai,
B2 hadi B214.
Usiguse B7, B8, wala B40.

Hizo tatu ni za wasimamizi.

Nikadhani ni kazi ya dakika tano.
Lugha ya makro ina neno la kuunganisha,
eneo hili na lile yakawa moja kama watu wa ndoa;
ina neno la makutano, pale safu na mstari vinapopishana.
Nikatafuta neno la kutoa.
Halipo.
Huwezi kuiambia mashine: chukua wote, ila hawa.

Sisi tunalo, herufi tatu tu.
Mama alilitumia jikoni na kwenye kesi za majirani:
waje wote, ila yule;
na papo hapo, yule naye ana ila yake.
Ukilitamka hujui umemtoa mtu
au umemtia doa.

Basi nikashika njia ndefu.
Kwa kila seli: simama, uliza,
wewe ni B7? B8? B40?
Kama siye, kata, nenda kwa anayefuata.
Nikaijaribu polepole, hatua kwa hatua,
kidole juu ya F8,
na kila seli ilipowaka nikasoma jina la pembeni.
Szymańska, mkunja taulo. Kata.
Dhaliwal, wa lori la alfajiri. Kata.
Simms, mwenye goti bovu, anayeimba lifti ikikwama. Kata.

B91. Kabyemera, Adelina.

Huyu ni wa pasi kubwa ya mvuke.
Chai huinywa wima, kwa mkono wa kushoto,
wa kulia ukiilisha mashine shuka;
pasi ile haizimwi, na tangu Oktoba
hajapatikana wa kumpokea.
Nusu saa gani nimkate? Hajawahi kupewa.

Nikakaa, kielekezi kikipepesa.
Kisha, baada ya B40, nikatia koma, na B91.
Alama tatu, kama ila.
Pritchard hasomi makro. Husoma jumla,
tena ile ya chini kabisa,
na nusu saa moja kati ya mia mbili na kumi
haitikisi kitu.

B133 ni mimi.
Kidole kilikawia.
Chai yangu ya leo iko kando ya kibodi, imeshika utando;
nusu saa yake nimeimaliza nikinoa kisu hiki.
Nikakata.
Usinisifu. Niliogopa:
ila moja hupita, mbili zingeonekana.

B134. Whitlock, Dean.
Kata.