Kinu cha Kahawa chini ya Tao

Mama alivaa koti la Idi,
akaweka sawa kitambaa chake kwenye kioo cha gari
kana kwamba lile Tao la chuma ni ofisi ya uhamiaji
na ndani yupo mtu atakayemkagua.

Miaka ishirini na sita tunakaa St. Louis,
tunaliona kila tukivuka mto kwenda kazini,
sindano iliyopindwa, isiyo na uzi.
Hakuwahi kuuliza ni la nini.
"Lango," nilimwambia leo. "Lango la kwenda magharibi."
"Lango lisilo na ukuta," akasema. "Linamzuia nani?"

Chini, makumbusho yana ubaridi wa kaburi la tajiri.
Lipo gari la kukokotwa na ng'ombe, turubai limetuna,
na ukutani orodha ya walivyobeba:
unga ratili mia mbili, nyama ya nguruwe
(Mama akaguna),
chumvi, risasi, Biblia,
na nyuma ya kioo, chini ya taa yake peke yake,
kinu cha kahawa.

Mama akasimama.

Chake ni cha shaba, chembamba, kirefu kama mkono wa mtoto.
Alikitia ndani ya soksi ya marehemu baba
usiku ule kule Janja, tulipopewa robo saa.
Picha aliziacha. Jamu ya plamu aliiacha motoni,
na hadi leo, katikati ya mazungumzo mengine,
huniuliza: unadhani nani aliizima?

Ramani ina mishale, yote upande mmoja,
kama nyasi zilizolazwa na upepo.
Mbele ya mishale ni peupe.
Mama akaugusa ule weupe kwa kidole.
Kengele ikalia.

Akaja mlinzi, kijana wa kofia pana,
kifuani ameandikwa Tobin Archambeau.
"Mwulize," Mama akaniambia kwa lugha yetu,
"hawa walipofika, walikuta nyumba za nani?"
Nikatafsiri, nikipunguza makali, kama nilivyozoea
hospitalini, shuleni, kwa mwenye nyumba.
Tobin akavua kofia.
Akataja Waosage, Wamissouria, Wakansa, Waoto,
polepole, kama mtu anayehesabu watoto baada ya moto.
"Habari zao ziko kule," akasema, "kwenye kona."
"Kona," Mama akarudia. Neno hilo alilijua.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Wageni walikuja.

Simfanyi Mama mtakatifu.
Mwanamke anayekaa sasa ndani ya nyumba yetu ya Janja
naye alifukuzwa kwao, kwa basi, na watoto watatu.
Mama anajua. Anajua hata jina la kitinda mimba.
Bado humwita "yule."
Na nyumba yetu ya hapa, ya matofali mekundu,
yenye nyanya uani,
tuliinunua kihalali, kwa mkopo, hati ninayo.
Hati ya kwanza ilitoka kwa nani, sijauliza.

Tukapanda juu. Kibehewa kama yai, viti vitano,
magoti yakigusana na ya wazee wawili wa Nebraska
waliotugawia peremende.
Kileleni watu walijazana madirisha ya magharibi.
Mama akaegemea la mashariki, peke yake,
akiutazama mto wa rangi ya chai ya maziwa.
"Drina ni kijani," akasema.
Upepo ukavuma, chuma kikayumba kidogo;
akanishika mkono kwa nguvu, kisha akauachia
kana kwamba aliyeogopa ni mimi.

Mlangoni kuna daftari. Jina. Unatoka wapi. Maoni.
Juu yetu: Ohio, Texas, Ohio, Osaka.
Mama akaandika Janja, na mtaa kwa jina lake la zamani,
namba kumi na tisa.
Penye maoni kalamu ikasita,
nikaanza kutunga maneno laini ya kumsaidia.
Akaandika kwa lugha yake, herufi kubwa:
kinu chenu kimeshika kutu, kipakeni mafuta.

Hilo nililitafsiri chini yake, neno kwa neno.