Daftari la Dobi, Msimu wa 1941

Kila Jumatatu mkokoteni huniletea magunia mawili:
jezi ishirini na sita, rangi ya haradali,
na harufu ya vijana wasiojua kwamba wananuka.
Mimi Bozena Kolar, dobi wa Chuo cha Wexley,
sijakanyaga uwanjani hata siku moja.
Msimu wote niliusoma ndani ya beseni.

Septemba, vumbi tupu.
Nebraska haikuwa imeonja mvua,
na Harlow waliwalaza vijana wetu chali,
thelathini na tatu kwa sifuri.
Nilijua kabla ya gazeti:
migongo michafu, vifua visafi.
Anayeshinda huangukia mbele.

Oktoba, damu.
Damu, nisikilize, huoshwa kwa maji baridi.
Ukiitia ya moto unaifungia ndani ya uzi,
utazeeka nayo.
Namba arobaini na moja, Delbert Aufdenkamp: pua.
Namba saba: begani, alama za meno, na si meno yake.
Kofia zao za ngozi zinazuia jua, basi.
Tukafungwa, tukafungwa tena,
tukapanda treni usiku kucha hadi Dakota
ili tukafungwe mbele ya wageni.

(Nasema *tu*. Sijui nilianza lini.)

Kisha tope, sita kwa sita.
Maji niliyabadilisha mara tano
na bado bonde zima la Platte lilikuwa chini ya kucha zangu.

Alhamisi moja akaja mwenyewe, namba ishirini na mbili,
Orrin Tvrdik, mkono wa jezi ukining'inia.
Akala maandazi yangu ya plamu, matatu, akiwa wima,
akashukuru kwa Kicheki kibovu,
lugha ya bibi yake, imemkalia mdomoni kama viazi vya moto.
Uzi wa njano ulikuwa umeisha.
Nilimshonea kwa mwekundu, upande wa ndani.
Nani angechungulia huko?

Sikukuu ya Shukrani, saba kwa sifuri.
Saba zetu!
Waliipiga kengele ya kanisa hadi kamba ikakatika,
nami jikoni, bata mezani, nikaangusha kijiko.
Jumatatu nikaitoa ishirini na mbili guniani:
majani kifuani, toka shingoni hadi kitovuni,
kijani kilichogoma kutoka,
na kusema kweli sikukisugua sana.

Mazoezi ya kuagana yalikuwa Ijumaa, tarehe tano, wakicheka kwenye barafu.
Gunia la mwisho likaja Jumatatu, tarehe nane.
Mvulana wa mkokoteni hakupiga mluzi.
Redio ya jirani ilikuwa juu, madirisha yamefungwa, na bado niliisikia.
Nikahesabu: ishirini na tano.
Nikahesabu tena kwa Kicheki.
Ishirini na tano.

Foleni ilitoka posta ikazunguka kona ya benki.
Walisema alikuwa wa nne,
koti limefungwa vifungo vyote,
na shingoni kitu cha njano.

Kocha Lindquist akaniambia nimtoze, dola moja na nusu.
Nikaandika kwa penseli: *22, haijarudi.*
Safu ya bei nikaiacha wazi.

Mwaka uliofuata Wexley haikuwa na timu.
Jezi zimo sandukuni, na kafuri.
Jumatatu bado nachota maji baridi, beseni zima,
nayaacha yakae hadi mchana,
halafu nayamwaga.