Jicho la Shoto

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako.
Hawakusema neno kuhusu kitako cha bunduki,
lakini nilielewa, Novemba ile, shambani kwa kina Charlton
juu ya mji wa Hexham: bunduki ya mume wa Edith begani mwangu,
ndefu kama hukumu,
na shavu langu la kulia limegeuka zambarau.

Visahani kumi vilirushwa.
Kumi vilitua majanini, vizima wa afya.
"Si wewe," Edith akasema, "ni bunduki."
Maneno ya huruma. Niliyabeba hivyo hivyo.

Jumamosi nikaenda kwa Bwana Pybus.
Duka lanuka mafuta ya kitani,
na mbwa mzee haamki kwa mteja yeyote.
Cheti cha polisi mkobani. Kabati la chuma
tayari limekazwa ukutani, nyuma ya makoti.
Pesa za zamu kumi na saba za usiku.

Kusema kweli nilikwisha chagua:
ile ya Kiitalia, pale pembeni, yenye bata wa fedha
waliochorwa ubavuni, wanaruka wasifike.
Bwana Pybus hakuitazama. Alinitazama mimi,
kama fundi cherehani aliyeletewa bwana harusi aliyekonda.

"Fumba macho. Inua. Laza shavu. Fumbua.
Unaona nini?"
"Bunduki."
"Basi si yako. Ya kwako hutaiona."

Nikagusa nyingine, ya geji ishirini, nyepesi kama mwavuli.
Akatikisa kichwa: nyepesi dukani, nzito begani;
teke halipotei, hutafuta mwili wa kukaa.

Mimi kazi yangu kupiga eksirei.
Nayajua mabega ya wilaya nzima,
wachunga kondoo, walioteleza kwenye barafu,
bibi mmoja aliyeangukiwa na kabati la vyombo.
La kwangu sijawahi kulipima.

Akanipa kadi yenye tundu katikati.
"Itazame saa ya ukutani, macho yote mawili.
Sasa ivute mpaka usoni."
Kadi ikaja polepole, kama mbuzi anayejua zizi lake,
ikatua juu ya jicho la kushoto.

"Wewe ni shoto," akasema,
kama mtu anayesema nje kuna manyunyu.

Pangani, chuoni, miaka sita umri wangu:
mkono wa kulia ndio wa kulia, alisema mwalimu,
na bakora ikafuata, nami nikalia,
na kwa kulia huko nikawa wa kulia.
Mama akanifunga ule mwingine kwa upindo wa kanga.
Miaka arobaini na mmoja nimekula, nimeandika, nimeamkia watu
kwa mkono uliofunzwa.
Jicho halikufunzwa.
Nani angelichapa jicho?

Bwana Pybus aliinama chini ya kaunta,
akatoka na bunduki ya tarishi mmoja, marehemu,
mjane wake aliirudisha msimu wa kiangazi.
Geji kumi na mbili. Mti wa jozi, una mkwaruzo.
Hakuna bata, hakuna fedha.
Kitako kimepinda kushoto, kidogo tu,
kama mtu aliyegeuka kukusikiliza.

Nikafumba. Nikainua, bega lisilojua kazi.
Nikafumbua: saa nne na dakika ishirini.
Saa tu.

"Nitakata nusu inchi," akasema. "Njoo baada ya wiki mbili.
Na usinunue nyingine kwa ajili ya bata."

Kwa kina Charlton nimekosa sita.
Nimezihesabu zote; mara hii ni zangu.
Vile vinne viligeuka vumbi la chungwa
juu ya theluji nyembamba,
na Edith akauliza nacheka nini peke yangu.
Nikajaribu kumweleza neno *kulia*.
Halivuki.
Nikapakia tena, nikaita: Rusha!
Kijana wa mtambo hajui Kiswahili.
Akarusha.