Machenza ya Kutaisi

Hatukuwa na mipira. Ile rasmi, ya mashindano,
bei yake ilitutoa jasho wakati wa theluji.
Tsotne akaleta machenza kwa shangazi yake,
mfuko mzima wa simenti,
akayamwaga sakafuni, darasa la ufundi, chini ya ardhi,
pale ukuta unapotoka jasho mvua ikikaza.

Miezi miwili tuliifundisha kuona.
Hili ni chenza.
Hiki si chenza, ni kiatu.
Hili ni chenza, ila limeingia kivulini.
Gvantsa aliandika, akafuta, akaandika,
vidole vimekufa ganzi, chai imepoa pembeni,
na mashine — magurudumu mawili, kamera moja,
betri iliyofungwa kwa kamba ya kiatu —
ikajigonga ukutani kama mgeni gizani,
ikarudi nyuma, ikatafakari,
ikajigonga palepale.
Yaliyopondeka tuliyala.

Sheria ni moja, na ni chungu:
filimbi ikilia, mikono nyuma.
Hakuna rimoti, hakuna waya, hakuna kuita.
Ulichosahau kuiambia jana
leo huiambii.

Tbilisi. Ukumbi wa mazoezi, jua tele madirishani.
Filimbi.
Ikaenda!
Ikaupita mpira wa kwanza,
ikaupita wa pili kana kwamba hawajuani,
ikakata kona kwa madaha ambayo hatukuifunza,
ikavuka mstari mweupe, ikaenda kusimama
mbele ya mzee Anzor, jaji wa meza ya pili,
aliyekuwa akimenya, taratibu,
chenza.

Ukumbi uliangua kicheko.
Tsotne alijifunika uso kwa kofia.
Gvantsa, mikono bado nyuma, midomo ikimcheza:
"Ndilo," alinong'ona. "Ndilo hilohilo."

Mzee aliitazama kamera, nayo ikamtazama.
Alichambua kipande kimoja,
akakiweka sakafuni mbele ya gurudumu, kwa heshima,
kama anayemkaribisha mtu mezani.
Kisha akavaa miwani,
akaandika sifuri.

Usiku, ndani ya treni, shangazi akapiga simu.
Hakuuliza tumeshika nafasi ya ngapi.
Aliuliza: mnataka mengine?
Gvantsa aliupakata ule mfuko wa simenti,
mashine imo ndani, imezimwa, kamera inachungulia.
"Tuletee," akasema.
"Na mabichi. Na yaliyooza pia.
Na kama unao, shangazi, mpira wowote,
hata uliotoboka."